Mbuzi wa Vyumba Viwili

Kinshasa, Jumapili baada ya misa

Yaya Mwamini,

Mlio unaonifuata huku ni wa komeo la shangazi. Si bunduki za kijiji cha Wamaza, ingawa ungedhani ni hizo. Nilipokuja Kasongo mwaka jana, siku ya kwanza, jua lilikuwa linazama na tulikuwa tumekwisha kula. Shangazi aliaga, akaingia nyumba kubwa, nikasikia chuma kinateleza ndani ya chuma, halafu kishindo kifupi. Mama alikuwa nje bado, anasugua sufuria. Hakugeuza hata kichwa. Alikwenda jikoni, akatandika mkeka wake kati ya mafiga na gunia la makaa, akaniambia, "Lala uku, mutoto, uku iko joto." Ni kule kutogeuza kichwa kulikonimaliza. Alikuwa amezoea.

Sasa nikusalimu kama inavyopasa. Kifua chako kimepoa? Mumeo ametoka Lusangi, au bado yuko kwenye mashimo akingoja dhahabu imjue jina? Na mguu wa mama, ule alioumia siku mliyokimbia Wamaza, anaukanyagia sawasawa au bado anaegemea ukuta akidhani hamumwoni? Mimi mwili ni mzima. Kazi ya maabara inaendelea, natazama damu za watu kwenye kioo kutwa nzima na kuwaambia wana nini. Damu yangu sijaitazama. Nalala kidogo, na chakula nakumbuka kikiwa kimepoa.

Soma barua hii peke yako, tafadhali. Simu yako inasikilizwa na ua mzima, kila mtu anataka kusikia sauti ya Kinshasa, na mambo haya siyawezi kuyasema huku mtoto wa jirani akicheka pembeni. Ndiyo maana nimempa karatasi hii yule mama muuza vitenge anayerudi huko kwa njia ya Kindu. Hajui kilichomo. Ukimaliza, ichome. Au usiichome. Sijui.

Nusu ya habari unaijua. Niliporudi huku baada ya safari ile nilikuwa na wazo moja tu, nalo ni mlango. Mlango ambao ufunguo wake uko kwenye pindo la kitenge cha mama, na hakuna mtu duniani anayeweza kumwambia apishe. Mjomba alinipigia, akasema nijenge Kabambare kwenye kiwanja cha baba, kwa sababu mtoto anayenunua mbali kabla ya kujenga kwao ni mtoto aliyepotea. Nilimsikiliza kwa heshima. Lakini nyumba ya baba tumeijenga mara mbili na kuikimbia mara mbili, na mara ya pili hata milango yake wenye bunduki waliifanya kuni. Wewe ungejenga ya tatu?

Kwa hiyo nilitafuta hapa, na nikapata vyumba viwili katika nyumba ya ghorofa, mtaa wa Barumbu. Usifikirie ghorofa za kwenye kalenda. Ni jengo la zamani, ngazi zake zimeliwa kingo, na nyumba za mtaa zimebanana hivi kwamba nikinyoosha mkono dirishani naweza kuanua nguo za jirani. Hapa tunajua nani amekaanga samaki na nani amekosa. Watoto wa familia nzima nzima wanalala kwa zamu juu ya godoro moja. Nilipomweleza mama kwenye simu alicheka mpaka akakohoa. "Nyumba ya juu? Na sombe nitatwangia wapi? Nikipiga mutwangio, mutu wa chini si atafikiri vita imefika?" Nikamwambia majani ya muhogo hapa yanauzwa yakiwa yametwangwa. Akasema, "Nitakuja, kama pale iko mulango."

Aliyeuza ni mzee mmoja, Papa Matondo. Vyumba vilikuwa vya marehemu mama yake, lakini karatasi ziliandikwa kwa jina lake yeye peke yake, kwa kuwa ndiye mkubwa. Mwanasheria alizisoma mbele yangu akasema ni safi. Ingefaa niishie hapo kama watu wa hapa wanavyoishia. Lakini roho yangu haikutulia, na hapo ndipo nilipofanya kosa la kwetu kabisa, kosa ambalo mtu wa Kinshasa asingejua hata jinsi ya kulifanya.

Unakumbuka baba alipopewa shamba la bondeni, Wamaza? Alipeleka mbuzi, akachinjwa palepale juu ya udongo, ukoo mzima wa wenye ardhi ukakaa. Anayekubali, anakula. Asiyekubali, anaacha kipande chake juu ya jani, na mambo yanasimama mpaka asikilizwe. Mimi na wewe tulikaa nyuma ya baba tukitazama midomo yao, nani anatafuna, nani anajifanya. Kulikuwa na mwanamke mmoja ambaye bado alikuwa na muhogo wake kwenye kona ya shamba. Alikula. Na alipomaliza kuvuna aliondoka mwenyewe, bila mtu kumwambia neno. Mimi nilikua nikijua kwamba ndivyo dunia inavyokwenda.

Basi nilinunua mbuzi sokoni. Nilimpakia kwenye teksi na dereva akanitukana njia nzima. Tulimchinja uani chini ya jengo, nikaita ukoo wote wa Papa Matondo, na walikuja wote, hata wa mbali. Walifurahi sana. Mzee alishika ini mkononi akawaambia ndugu zake, "Jamani, sisi tulitaka sahihi, huyu binti anatupa na nyama!" Wakacheka, wakanipigia makofi. Nami nilisimama pale na kijiko cha mchuzi, msomi wa chuo kikuu, natazama midomo.

Mmoja tu ndiye aliyenitia wasiwasi. Ni mdogo wake mmoja, Nsimba, mwanamke aliyeachwa na mume, ana mabinti wawili. Yeye ndiye aliyekuwa akiishi katika chumba cha mbele. Alimuuguza mama yao humo mpaka akafa. Nikasema moyoni, huyu akiacha nyama yake, nitasimamisha kila kitu. Hakuiacha. Alikula, akawalisha wanawe, akaomba mchuzi mara ya pili. Moyo wangu ukatulia kabisa. Nikamwambia, "Dada Nsimba, usikimbizwe na mtu. Kaa mpaka upate pa kwenda." Nikalipa, nikahamia chumba cha nyuma, nikaanza kungoja aondoke mwenyewe.

Fundi cherehani wa chini, anaitwa Jeef, alinisimamisha siku ile ile nikipandisha godoro. "Ya Riziki," akaniita, maana huku yaya wanamfupisha hivyo, "umenunua nyumba au umenunua sufuria na wali wake ndani?" Watu wa ngazini wakacheka. Nami nikacheka. Nilidhani hawajui tu mambo.

Mvua zikaisha, kiangazi kikaja, mvua zikarudi. Nsimba yupo.

Usidhani ni mtu mbaya, yaya. Ingekuwa rahisi. Maji hapa yanatoka saa ambazo mimi niko kazini, na ndiye anayenichotea. Siku moja aligombana na mimi kwa ajili ya moshi, akapaza sauti mbele ya ngazi nzima, "Mswahili, rudi kwenu kwenye vita yako!" Huku ndivyo wanavyotuita sisi wa mashariki, na ukiitwa hivyo kwa sauti ile unatazama kwanza nani mwingine amesikia. Nilifunga mlango nikalia kama mtoto. Jioni nikakuta ndoo yangu imejaa maji mpaka ukingoni.

Mwishowe nilijikaza nikamkabili. Alikuwa kizingitini, anamsuka binti yake mdogo. Tulisema kwa Kilingala, nakuandikia kwa lugha yetu.

"Dada Nsimba, ile nyama ulikula."

"Nilikula."

"Basi?"

"Basi nilishiba." Akavuta unywele, mtoto akalia, akampiga kidogo begani atulie. "Ya Riziki, wewe umesoma. Nani alikudanganya kwamba nyama ina sahihi? Siku ile wanangu walikuwa na tumbo tupu. Nilikula njaa yangu. Sikula neno lako."

"Kaka yako ameuza."

"Kaka yangu ameuza, basi kamdai kaka yangu. Mama yetu alifia mikononi mwangu, hapa, pale uliposimama. Yeye alikuja kwenye mazishi na viatu vipya."

Nilirudi chumbani kwangu, nikakaa kitandani, na kwa mara ya kwanza nikaelewa kwamba nilichonunua si mlango. Chumba cha nyuma hakina mlango wa nje, yaya. Ili uingie ni lazima upite katikati ya maisha ya Nsimba, juu ya godoro lake, kando ya wanawe wanaofanya kazi za shule sakafuni. Kila asubuhi nasema "samahani" ndani ya nyumba niliyoinunua.

Kisha ikaja jioni moja nimetoka kazini, mlango wa mbele umefungwa kwa ndani. Nikabisha. Nikasikia maji yanamwagika, alikuwa anaogesha watoto. "Ngoja kidogo!" Nikangoja. Hakuwa na nia mbaya, mtu anaogesha watoto wake. Lakini nilisimama pale kwenye ngazi nikamwona mama mahali pangu, na mguu wake, anaegemea ukuta, anangoja kufunguliwa na mwenye nyumba. Tena. Baada ya safari yote hiyo na ndege yote hiyo, tena.

Wiki hiyo hiyo ndipo ulipotuma habari kwamba shangazi anamwoza mwanawe, na jiko litavunjwa ili kijana ajengewe chumba. Simlaumu shangazi. Amemhifadhi mama kuliko wengi ambao wangeweza. Na wewe najua, kwako chumba ni kimoja, na mumeo akirudi hata kuku anatolewa nje. Lakini ulisema, "Mama anasema atarudi Wamaza akakae kwenye kibanda cha shamba." Ulilisema haraka, kama mtu anayepita penye kaburi. Kibanda cha shamba, na wale watu bado wako msituni. Nilisikiliza sauti yako mpaka betri ikafa.

Nilirudi kwa mwanasheria. Akasema jambo lenyewe ni dogo: jina la Nsimba halimo popote, ofisi ya mtaa itatoa askari siku yoyote nikiomba, na kama ningemuuliza mapema angeniambia kwamba mtu hanunui nyumba yenye mtu ndani. Nikamwambia, "Alikula mbuzi." Akanitazama juu ya miwani yake. "Mademoazeli, ningekuwa nafungwa na kila nyama niliyokula, ningekuwa nimeoa mji mzima."

Bado sikuweza. Nikampigia mama. Sijakueleza hili, naye najua hakukueleza.

"Uyo mwanamuke iko na watoto?" akaniuliza.

"Wawili, mama."

"Na mbuzi alikula?"

"Alikula, lakini anasema..."

"Wacha anachosema. Alikula, basi iko ndugu yako. Mutu uliyekula naye mbuzi ya udongo, hauwezi kumutoa na askari. Ile nyama haimufungi yeye peke yake, Riziki. Inakufunga na wewe pia."

"Mama, hutaweza hata kwenda chooni bila kuruka godoro lake."

Akacheka kile kicheko chake kidogo. "Nimeruka mikeka ya watu mara ngapi? Nitalala nyuma, yeye mbele, tutasikilizana. Nimezoea, mutoto."

Angesema neno lolote lingine, yaya. Angesema anaogopa, angesema hataki, angenilaani. Lakini alisema amezoea, kwa sauti nyepesi, kama mtu anayesema amekwisha kunywa maji. Nilikata simu nikasingizia mtandao.

Tangu hapo nimejiuliza mambo mengi ambayo hayana mtu wa kuyajibu. Kwamba mama ananunuliwa usalama wake kwa kitu gani. Kwamba mimi niliyemchukia shangazi kwa komeo lake, ningemchukiaje kama ningekuwa na wana wa kulaza na mlango mmoja. Kwamba huenda Nsimba ana mdogo wake mahali fulani, binti mwenye kazi, anayekesha akitafuta namna ya kumpatia mlango. Nimemuuliza. Hana.

Naomba mama asiyajue haya. Nafasi yake kwenye ndege ya Kindu nimekwisha kuichukua, na jina lake liko kwa yule kijana wetu anayeuza tiketi, atakupigia. Mtafutie pikipiki ya kumfikisha Kindu, ya mtu mzima, si ya vijana wanaokimbizana, wakae njiani siku wanazotaka lakini mguu wake usitikiswe. Mpe kitenge kizito, ndege ina baridi. Asibebe sufuria. Atataka kubeba sufuria. Akikuuliza kuhusu dada wa chumba cha mbele, mwambie hujui, nami nitajua la kumwambia akifika. Huo ni uongo, sijui nitamwambia nini. Lakini wewe mwambie hujui.

Nisalimie mumeo, shemeji yangu mchimbaji, mwambie mashimo hayana haya, atoke kabla hayajamfukia. Wanao wote wabusu kwa niaba ya mama mdogo wao wa Kinshasa, na yule wa mwisho aliyepewa jina langu umkaze asiwe na kichwa kama changu. Msalimie mjomba wa Kabambare, ndugu yake mama, mwambie neno lake sikulidharau, na kiwanja cha baba asikiuze. Msalimie shangazi. Mwambie asante kwa jiko, na namaanisha hivyo. Mwanawe anayeoa nitamtumia shuka. Katekista aliyetufundisha kusoma, kama bado yuko hai, mwambie mwandiko wangu bado ni ule wake.

Nimekwisha kuwasalimu wote na bado sijakuambia.

Ijumaa asubuhi nilikwenda ofisi ya mtaa, nikarudi na askari wawili. Sikutuma mtu. Nilipanda ngazi nikiwa mbele yao. Chini, fundi Jeef alisimamisha cherehani yake. Nsimba alifungua mlango, akawatazama wao, akanitazama mimi, akasema polepole, "Kumbe na wewe unaweza." Hakupiga kelele. Nilikuwa nimejiandaa kwa kelele, hilo ndilo nililokuwa nimejiandaa nalo usiku kucha. Alianza kukunja godoro. Binti mkubwa alikuwa amevaa sare ya shule. Aliambiwa abebe masanduku, akabeba, na alipopita karibu yangu aliniambia "samahani", kwa sababu nilikuwa nimesimama njiani. Wakashusha nguo, ndoo, picha ya marehemu bibi yao iliyokuwa ukutani. Papa Matondo nilimpigia mara nyingi, hakupokea.

Ikabaki sufuria moja juu ya mbabula, lile jiko lake la makaa. Maharagwe, yalikuwa yanachemka na bado magumu. Nsimba alisimama kando yake na mikono mitupu, hakujua aanze wapi, huwezi kubeba moto kwenye ngazi. Yule askari mkubwa akainua kifuniko, akatazama ndani, akawatazama watoto, akaniuliza kama tungoje yaive, wale kwanza.

Nikasema hapana.

Mdogo wako,
Riziki